Wingu Lisilonyesha Mbamba Bay

Kila ninapomsikia mkubwa fulani akiwaambia watumishi na wanafunzi wa mikoani, "Wekeni kazi zenu kwenye wingu, hamtapoteza kitu," hujiuliza kama amewahi kukaa wiki moja Liuli akiwa na bando la kujinunulia na kompyuta ya mtumba. Ushauri huo ni mwepesi kwa anayeutoa, na gharama yake yote humwangukia anayeupokea. Mimi nashikilia kinyume chake. Kwa mtu wa Mbinga, na kwa mtu wa mwambao wa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Chiwindi, mahali pa kwanza pa kutunzia nakala ya kazi yake ni diski anayoweza kuishika mkononi, na diski hizo ziwe mbili. Wingu lije baadaye, likiwa nyongeza.

Nasema hivi nikiwa na jeraha langu. Miaka kadhaa iliyopita niliwarekodi wazee wa Umatengo wakieleza kilimo cha ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua, kisha nikateremka ziwani kuwasikiliza wavuvi wa rika lao. Nilipata saa 40. Nilizihamishia kwenye flashi iliyoandikwa gigabaiti 256, niliyouziwa kwa bei ya kupendeza mno, nikafuta kinasa sauti ili nipate nafasi ya kuendelea. Niliporudi chuoni, majina ya mafaili yalikuwepo yote, na ukubwa wake umeandikwa sawasawa, ila mengi hayakufunguka. Flashi ile ilikuwa na uwezo wa gigabaiti chache tu. Ilikuwa imechezewa ndani ili iidanganye kompyuta, na ilipojaa iliendelea kupokea bila kulalamika huku ikiharibu ilichokwisha kupewa. Wawili kati ya wazee wale wamefariki. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Dokta, huo ni uzembe wako." Hakukosea sana.

Hata hivyo, neno "uzembe" limekuwa pazia la kufichia mengine. Nimesoma maandiko mengi ya maombi ya fedha za utafiti yenye fungu la posho, la mafuta ya gari na la viburudisho; fungu la diski sikumbuki kuliona. Kijana hudaiwa tasnifu, lakini mahali pa kuitunzia anaachiwa yeye na mfuko wake. Hali ni mbaya zaidi kwa karani wa chama cha msingi anayeweka kilo za kahawa na madeni ya wakulima katika kompyuta moja tu. Ikifa kompyuta ile katikati ya msimu, mkulima aliyepoteza stakabadhi yake atadai kwa ushahidi gani? Hapo hatuzungumzii vifaa vya ofisi tena. Tunazungumzia ada za watoto na bati za nyumba.

Turudi kwenye wingu, na tulipige hesabu. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa ubora wa sidii, hula megabaiti 635 hivi. Saa zangu 40 ni gigabaiti 25. Nani atazipandisha kwa bando la simu, na akizihitaji azishushe tena kwa bando jingine? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadorora nchini kote. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi. Siku hizo, aliyekuwa na kazi zake winguni peke yake hakuwa nazo. Wala tusidhani haya ni masaibu ya maskini tu. Septemba 2025 moto uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma zikateketea kwa sababu hazikuwa na nakala kwingine.

Basi anunue nini mwenye fedha kidogo? Asinunue flashi ya bei ya ajabu; na akiinunua, aijaze yote kwanza kwa programu ya bure kama H2testw, ajue ukweli kabla ya kuiamini. Kwa maoni yangu chaguo bora ni diski ya inchi 2.5 iliyotolewa kwenye kompyuta ya mapajani iliyovunjika kioo, ikatiwa ndani ya kasha la USB. Fundi aifungue kwa CrystalDiskInfo mbele yako, muone saa ilizofanya kazi na kama ina sekta mbovu. Diski hiyo hunywa umeme wa kompyuta yenyewe, ambayo ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika nakala haikatiki katikati. Zile kubwa za inchi 3.5 hutegemea ukuta, na sote tunaujua ukuta wetu. SSD ni nyepesi na hazina habari na mtikisiko wa basi, lakini si za kufungia kabatini miaka mingi bila umeme, zinaweza kusahau. Mwambaoni, hofu yangu ni unyevu: kopo lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya kufyonza unyevu tunavyovitupa tukinunua viatu.

Diski ya pili isilale nyumba moja na ya kwanza. Mwizi hachagui, na moto vilevile. Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, hubeba terabaiti nzima kwa nauli ya abiria mmoja, na hakuna bando litakaloshindana nayo.

Wakuu wa idara na wakurugenzi wa halmashauri wanaosoma hapa, bajeti mnayoiandaa ina nafasi ya mstari mmoja zaidi. Andikeni "diski mbili", na muache kutuhubiria mawingu.

Disemba nitapanda tena basi la kwenda ziwani. Mvuvi mmoja kati ya wale bado yu hai, na kwa simu aliniambia, "Njoo, mwanangu, nitasimulia upya, ila safari hii usipoteze." Diski moja nitarudi nayo. Ya pili nitamwachia mjukuu wake.