Cadillac la kukunja paa si benki ya pesa za kahawa

Msimu wa kahawa unapofungwa Mbinga, pesa hutafuta pa kukaa. Nyingine huingia kwenye matofali na mabati, nyingine kwenye maduka ya pembejeo, nyingine kwenye magari. Mapema mwaka 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, na bei ya namna hiyo humfanya mtu mwenye akiba afikiri makubwa. Moja ya makubwa hayo ni gari la zamani la Kimarekani, refu, la kukunja paa, lililokarabatiwa likang'aa kama jipya. Hoja ya wauzaji wa magari hayo ni ile ile popote duniani: haliundwi tena, kwa hiyo bei yake haiwezi kushuka.

Hoja hiyo ilikwishajaribiwa huko huko Marekani, na mfano wake ni Cadillac Eldorado ya 1976. Kampuni ilitangaza kwamba hilo ndilo gari la mwisho la kukunja paa kuundwa nchini humo. Yaliundwa 14,000 mwaka huo, na 200 ya mwisho yalipakwa rangi nyeupe. Bei ya dukani ilikuwa kiasi cha dola 11,000, lakini walanguzi walilipa zaidi, wakayafungia magari gerejini bila kuyatembeza, wakisubiri utajiri. Mwaka 1982 Chrysler ilirudisha magari ya kukunja paa sokoni, na kwa mwaka wa 1984 Cadillac yenyewe ikatoa Eldorado nyingine ya namna hiyo. Baadhi ya walionunua lile la "mwisho" walikwenda mahakamani wakidai wamedanganywa. Uhaba waliouziwa ulikuwa mikononi mwa muuzaji, naye aliumaliza alipotaka.

Kwa mnunuzi wa Ruvuma hesabu ni nzito zaidi. Chukulia gari linafika bandari ya Dar es Salaam kwa dola 25,000, nauli ya meli na bima zikiwemo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha dola 31,250. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini kubwa, na asilimia 30 nyingine kwa gari lililozidi miaka 10. Hapo ni dola 43,750. VAT ya asilimia 18 ikiingia, jumla ni dola 51,625, kabla ya ada ndogo ndogo na wakala. Kodi imezidi bei ya gari lenyewe. Tena Mamlaka ya Mapato ina namna yake ya kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, haifungwi na risiti ya mnunuzi.

Pesa hiyo ya kodi hairudi kwa kuuza nje. Kenya hairuhusu magari yaliyozidi miaka minane, na Uganda mwisho wake ni miaka 15. Anayeuza atabaki na soko la ndani, ambalo kwa gari kama hili ni watu wachache wa Dar es Salaam na Arusha, nao wote wanajuana bei.

Halafu kuna kulitumia. Eldorado ya 1976 ina injini ya lita 8.2, urefu wa karibu meta 5.7 na uzito unaozidi tani mbili, na usukani uko kushoto. Hula kiasi cha lita 20 kila kilomita 100. Kulileta tu kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga, zaidi ya kilomita 1,000, ni lita 200 na ushei. Ni kweli kwamba lami imefika Mbamba Bay, na vumbi lililokuwa likiua magari kwenye zile kilomita 67 limepungua. Lakini barabara inashuka kutoka milima ya Wamatengo hadi ufukweni mwa Nyasa kwa kona baada ya kona. Breki zikiisha, pedi zake haziko Gerezani wala Songea. Ni kuagiza na kusubiri.

Watetezi watasema litakodishwa harusini. Sawa, harusi zipo. Ila anayekodisha Songea huangalia gari jeupe, safi, lenye kiyoyozi, na Toyota la kawaida linamtosha.

Ajabu ni kwamba wilaya hizi zina gari la zamani lenye soko la kweli, na hakuna anayelipigia debe. Land Rover za chesisi ndefu zilizobeba abiria na magunia kati ya Mbinga na Mbamba Bay kabla ya lami zina mafundi wanaozijua kwa kusikiliza mlio tu, na spea zake zipo. Defender ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016, na Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover. Anayetaka kuweka pesa kwenye chuma cha zamani aanzie hapo, kwa mtaji mdogo zaidi.

Jambo zito zaidi ni kalenda. Pesa ya kahawa huja kwa miezi michache, mbolea na karo hudai Januari. Mkulima aliyefungia akiba kwenye gari lisilouzika haraka hujikuta akiuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa magoma, kwa bei anayopanga mwenye fedha taslimu. Hasara ya magoma ya msimu mmoja haionekani kwenye karatasi za gari, lakini ni sehemu ya bei yake.

Aliyekwisha kuamua kulinunua kwa sababu analipenda, hilo ni lake. Alipe pesa ambayo hataihitaji kabla ya misimu miwili. Adai kadi ya usajili yenye jina la muuzaji na namba ya chesisi inayolingana, atazame sakafu chini ya zulia kama kuna kutu, na mota ya paa iendeshwe mbele yake mara kadhaa injini ikiwa ya moto. Bila kadi, asilipe zaidi ya bei ya vipuri.