Usimlipe wakala, mwandikie kocha mwenyewe

Najua nimekuwa kimya hapa, na wapo wawili watatu ambao bado wananidai sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo naomba niongee kuhusu jambo la nyumbani, ingawa mtaona mwishoni kwamba ni suala la data kama mengine yote ninayoandika hapa.

Dada yangu anauza vyondo katika soko la Kariokor. Mwanawe, mpwa wangu, yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni nje ya Nairobi. Ana urefu wa mita 1.93 na anacheza mpira wa vikapu. Likizo ya Agosti alirudi na habari kwamba kuna wakala anayeweza kumtafutia chuo Marekani, asome bure huku akicheza. Wakala alitaka shilingi 85,000. Kwa pesa hizo angeweka jina na video ya kijana mbele ya "makocha elfu moja". Dada alikuwa ameshawaomba wenzake wa chama wampe zamu yake mapema.

Niliposikia hivyo nikajigamba kama kawaida yetu watu wa programu. Nikawaambia: msilipe hata shilingi, mimi nitamtengenezea tovuti.

Nilikesha siku tatu. Tovuti ilipendeza kweli kweli: picha zinazoteleza, muziki, na video ya dakika mbili ya kijana akidanki mara saba. Tukatuma kiungo kwa makocha 60 wa vyuo vya Marekani, kwa barua pepe moja, wote kwa mpigo. Kisha nikakaa kuangalia kumbukumbu za seva. Waliofungua ni tisa. Aliyekaa sana alikaa sekunde 40. Aliyejibu hakuna.

"Anko, labda tungemlipa yule jamaa," mpwa wangu akaniambia. Maneno hayo yaliniuma, maana hakuyasema kwa ubaya.

Kwa nini wanariadha wetu walionekana

Ukitoka Kariokor kwa miguu, hata hujatokwa jasho, unafika Starehe. Katika shule hiyo alisoma Paul Ereng, kijana wa Kiturkana aliyekuwa akikimbia mita 400. Kutoka Starehe alienda Chuo Kikuu cha Virginia. Huko, mwaka 1988, akahamia mita 800, akashinda ubingwa wa vyuo vya Marekani, na mwaka huohuo akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Seoul. Miaka kumi kabla yake Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81.

Wakati huo hapakuwa na YouTube wala WhatsApp. Makocha wa Marekani waliwajuaje vijana wa huku? Wenzao waliotangulia waliwasemea, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, na mtu wa programu atakielewa haraka: mbio zina muundo wa data ambao kila mtu anaweza kuusoma. Sekunde 47 za Nairobi ni sekunde 47 za Virginia. Kocha hahitaji kumjua mwalimu wako wa michezo wala kuuliza ulikimbia na nani. Anasoma tarakimu, anajua.

Mpira wa vikapu hauko hivyo. Mpwa wangu akisema alifunga pointi 25, swali la kwanza la kocha ni: dhidi ya nani? Huenda waliomkaba wote walikuwa na mita 1.70. Pointi 25 ni faili ambayo tarakilishi ya kocha haiwezi kuifungua. Hata hivyo milango ipo. Tylor Okari Ongwae alipitia Chuo Kikuu cha Louisiana Monroe, na Februari 2021 ndiye aliyefunga kikapu cha sekunde ya mwisho tulipoishinda Angola 74 kwa 73 kule Yaoundé. Mwaka huo Kenya ilirudi AfroBasket baada ya miaka 28.

Jirani zetu wa Uganda na besiboli

Mfano uliobadilisha mawazo yangu unatoka Uganda, tena kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujui hata sheria zake. Dennis Kasumba ni mdakaji wa besiboli. Alifanya mazoezi kwa matairi na vifaa vya kujitengenezea, video zake zikasambaa mitandaoni hadi zikafika Marekani. Mwaka 2023 akajiunga na Frederick Keys, timu ya MLB Draft League, ligi ambamo vijana hucheza mbele ya wasaka vipaji.

Wengi walisoma habari hiyo wakahitimisha kwamba siri ni kusambaa. Mimi nadhani walisoma vibaya. Besiboli, kama riadha, inapimika. Kasi ya mpira uliorushwa husomwa na rada. Muda ambao mdakaji hutumia kuudaka mpira na kuufikisha kambi ya pili hupimwa kwa saa. Video ikishavuta macho, anayetazama ana cha kupima. Na bado video haikumpa Kasumba viza. Alinyimwa kabla ya kuipata.

Kuna kisa cha zamani kidogo kinachouma zaidi. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Walikuwa wameshinda uwanjani. Lakini viza zikakataliwa kwa sababu karatasi za umri wa baadhi yao hazikulingana, na safari ikafa. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilienda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Wale wa 2011 walikuwa wameonekana tayari. Kilichowakwamisha ni rekodi.

Maswali matatu ya kocha

Baada ya aibu yangu ya tovuti nilisoma kanuni badala ya kubahatisha. Nikagundua kwamba kocha wa chuo ana maswali matatu tu, na tovuti yangu haikujibu hata moja.

Swali la kwanza: unaweza kucheza kwenye kiwango changu? Kudanki mara saba hakujibu hili. Anataka kuona mechi nzima isiyokatwakatwa, umpe na namba ya jezi, ili aone unafanya nini mpira ukiwa mbali nawe, unavyorudi kukaba ukichoka, na unavyomjibu mwalimu anapokugombeza. Anataka pia vipimo visivyotegemea mpinzani: urefu bila viatu, upana wa mikono, kimo cha kuruka.

Swali la pili: utakubaliwa? NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, lina kituo chake cha kukagua wanafunzi. Kwa Daraja la Kwanza unahitaji masomo 16 ya msingi, yaani lugha, hisabati, sayansi na mengineyo, na wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu yao. Mitihani ya SAT na ACT iliondolewa kwenye masharti ya NCAA mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka. Kwa hiyo ripoti za shule tangu Kidato cha Kwanza zinahesabiwa. Yule anayejiambia atasoma akishapata nafasi amechelewa.

Swali la tatu ni lile ambalo mawakala hawalitaji: nani atalipa? Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Harvard, Yale na wenzao wa Ivy League pia hawatoi, ila wana misaada mikubwa kwa familia zenye uhitaji. Penye ufadhili wa michezo, mara nyingi hugawanywa. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu nzima ya besiboli ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 tu, na kocha aliukata vipande kama keki. Juu ya hayo, siku hizi makocha wanaweza kuchukua wachezaji wanaohama kutoka vyuo vingine, watu wenye miaka 21 na uzoefu tayari. Kijana wa shule ya sekondari anashindana na hao.

Ndiyo maana naheshimu walichofanya Mike Boit na John Manners kwa mradi wao wa KenSAP ulioanza 2004. Jina la kwanza lilihusu wanafunzi wanamichezo. Leo neno la michezo halimo kwenye jina hilo, na kazi yenyewe ni kuwafikisha wanafunzi wenye alama za juu kwenye vyuo vikuu bora. Kitabu ndicho kilichofungua milango mingi zaidi.

Tulichofanya upya

Nilifuta tovuti. Mahali pake niliweka ukurasa mmoja mweupe, bila muziki, unaofunguka hata kwa intaneti ya kubahatisha. Una jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, mwaka wa kumaliza shule, vipimo vilivyochukuliwa na mwalimu wa michezo, alama za kila muhula, viungo vya mechi mbili nzima, na barua pepe ya mwalimu anayeweza kuthibitisha. Mechi moja niliirekodi mwenyewe kwa rununu, nimesimama juu ya benchi.

Kisha mpwa wangu aliandika barua 31, moja moja, kwa mkono wake. Kila moja ilitaja timu ya kocha huyo na kwa nini alidhani anafaa hapo. Vyuo vya miaka miwili vilikuwemo pia, maana navyo vina timu na vingine hutoa ufadhili.

Majibu yalikuwa manne. Wawili walisema hapana, kwa heshima. Mmoja alisema tumtafute matokeo ya KCSE yakitoka. Wa nne alitaka mechi nyingine nzima, kisha akauliza: familia inaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka?

Lawama kidogo kwetu watu wazima

Kabla sijamaliza, nina dukuduku. Kila mechi rasmi ya vikapu ina karatasi ya matokeo iliyojazwa pointi kwa pointi na kutiwa saini na waamuzi. Huo ndio ushahidi ambao kocha wa ng'ambo angeuamini kuliko maneno ya mjomba. Nilipozitafuta za mpwa wangu niliambiwa ziko ofisini. Ofisini hazikuwepo.

Nawasikia wenzangu wanataka kuunda programu ya akili mnemba ya kusaka vipaji. Sawa. Lakini itasaka wapi, kama karatasi zimefungia maandazi? Anza na jambo dogo. Mwalimu wa michezo apige picha ya karatasi hiyo mechi ikiisha, aiweke mahali pa wazi penye tarehe na jina la shule. Kwa miaka mitatu tu tungekuwa na kumbukumbu ambayo kijana yeyote wa Kariokor, Ziwani au Pumwani angeionyesha bila kumlipa mtu. Niko tayari kuandika programu hiyo bure, na haitachukua mikesha mitatu.

Kwa wakala sina ugomvi mkubwa. Anauza kile ambacho sisi hatukukihifadhi. Ila ukweli ni kwamba akaunti ya kuanzia ya kituo cha NCAA ni bure, na orodha za makocha pamoja na barua pepe zao ziko wazi kwenye tovuti za vyuo. Ukilipa shilingi 85,000 kwa vitu hivyo, umenunua maji ya mvua.

Lile swali la kocha wa nne tulilijibu Jumapili jioni. Dada alichukua kikokotoo, akahesabu mauzo ya vyondo, kodi ya nyumba na karo ya wadogo wawili. Alirudia mara mbili. Mwishowe aliandika tarakimu moja kwenye karatasi ya kufungia bidhaa, akaisukuma kwangu bila kusema kitu. Mpwa wangu akauliza kama tungeiongeza kidogo ili tusionekane maskini. Mama yake akakataa.

Tuliituma kama ilivyo. Bado tunasubiri. Wakati huohuo kijana amerudi shuleni, na safari hii amebeba vitabu vya kemia kwa sababu nimemwonyesha palipo na shimo.

Kama nawe una kijana anayecheza, mchezo wowote, niambie mmefika wapi. Na kama wewe ni mwalimu wa michezo, tafadhali, ile karatasi usiitupe.