Herufi za Kadi ya Harusi Zibaki kwenye Kadi

Wanachuo wenzangu, nina neno kuhusu zile herufi za mlazo. Unazijua hata kama hujui jina lake: zimeinamia kulia, mstari mmoja mnene, mwingine mwembamba kama unywele, na ncha zina vikucha. Ingia steshenari pale Bariadi mjini uangalie kadi za michango, utakutana nazo. Mojawapo ni Playfair Display ya mlazo, kazi ya Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ambayo mtu yeyote anaipata bure mtandaoni.

Mimi nazipenda, nisisingiziwe. Majina ya bwana na bibi harusi yakiandikwa hivyo, kwa ukubwa, yanakaa kama yamevaa suti. Ule unene na wembamba umetokana na kalamu ya kuchovya wino: ukikandamiza mstari unanenepa, ukiachia unakuwa uzi. Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, aliyefariki mwaka 1813, alizifikisha mbali sana herufi za aina hii. Ila yeye alikuwa na karatasi laini na wino wa kuchagua. Sisi tuna fotokopi ya fotokopi.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja huko Itilima, jaribio la hisabati la Kidato cha Pili lilirudi kutoka kuchapwa likiwa lote kwa herufi hizo, eti lipendeze. Nakala ya kwanza safi kabisa. Kufika nakala za mwisho, wino umechoka na nyuzi zote zimepotea. Herufi e ikawa c kila mahali. Mbaya zaidi x: mguu mwembamba ulifutika, ukabaki mnene peke yake. Mwanafunzi akanyoosha mkono, "Sir, huu mkwaju ni wa nini?" Ikabidi tuandike maswali upya ubaoni, kwa chaki za hapa hapa Maswa, ambazo hazina mbwembwe na zinasomeka mpaka dawati la nyuma.

Wapo wanaosema ni jambo dogo, aliyesoma atajua tu. Sawa, atajua yule ambaye tayari anajua. Lakini yule aliyekua na Kisukuma nyumbani, na sasa anapambana na Kiingereza cha mtihani, anaongezewa fumbo ambalo halimo kwenye silabasi. Halafu tunamwekea alama ya kukosa!

Hata kwenye kadi kuna mipaka. Namba ya kutumia mchango ikilazwa na kukondeshwa, 3 na 8 zikafanana, hela ya watu imeshapotea njia.

Wengi wetu tutarudi tena mashuleni kwa mazoezi. Ukipeleka mtihani steshenari, mwambie dada au kaka wa pale akuwekee herufi wima, unene sawa, saizi 12, na mlazo autumie kwenye neno la kusisitiza tu. Kisha omba uone nakala ya mwisho, siyo ya kwanza.