Walimu wa kandanda Meru na Embu hawahesabiwi

Mgeni akifika Meru ataonyeshwa Uwanja wa Kinoru, uliokarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018 ambayo Kenya ilinyang'anywa yakachezwa Morocco. Akipitia Chuka hadi Embu ataonyeshwa Uwanja wa Moi, uliotengenezwa upya kwa sherehe za Madaraka za 2023. Ni viwanja vya kupendeza, wala sina kinyongo navyo. Lakini akiuliza ni nani anayewafunza vijana wa Nkubu, Maua, Runyenjes au Siakago kulipiga gozi, ataelekezwa kwa mwalimu wa Jiografia au Kiswahili, mwenye vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha, ambaye saa kumi jioni huvua koti akashika filimbi.

Huyo ndiye kocha wetu. Tume ya Kuwaajiri Walimu ilimwandika afundishe darasani, na siku atakapopandishwa cheo hatapandishwa kwa sababu ya vikombe alivyoleta.

Nilisoma katika shule moja ya upande wa Embu. Uwanja wetu ulikuwa wa mteremko, kama vilivyo vingi katika miinuko hiyo ya Mlima Kenya, na mwalimu wetu alitufanyisha mazoezi ya kushambulia kuelekea juu tu. Jezi zilifuliwa nyumbani kwake. Kwa miaka mitatu tulisonga mbele, tukavuka wilaya tukafika mkoa. Kisha akafanywa naibu wa mwalimu mkuu kwingineko. Tulimshangilia sana siku ya kuagana. Muhula wa pili uliofuata tulitolewa katika mechi ya kwanza, nasi tulikuwa wachezaji wanane wale wale.

Kwa hiyo nikisikia wakubwa wa michezo wakisema kwamba upande huu hauna vipaji vya kandanda kama Magharibi au Nyanza, huuliza: kocha gani wa shule hapa aliachwa mahali pamoja miaka ishirini?

Tazama Iten. Bradha Colm O'Connell alifika Shule ya St. Patrick's kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha Jiografia, bila ujuzi wa kufunza riadha. Alibaki, akajifunza kwa kutazama wanafunzi wake wakikimbia. Miongoni mwa aliowalea ni David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012. Kule Marekani, Eddie Robinson alifunza kandanda yao ya kofia ngumu katika Chuo cha Grambling kuanzia 1941 hadi 1997, akashinda michezo 408. Ilikuwa kazi yake ya mshahara.

Utasema, msomaji, kwamba Bradha Colm ni mtawa, hana karo ya watoto ya kulipa. Naam, hapo ndipo penye shida. Hatuwezi kumtaka mwalimu wa Meru mwenye familia akatae cheo ili abaki na timu. Haki ni kwamba apande cheo akiwa uwanjani, kama vile mwenzake anavyopanda kwa kufundisha Hesabu. Katika vyuo vya ualimu, kama kile cha Meru na cha Kigari, jambo hili lina uzito zaidi, maana mwalimu anayehitimu huko huandaliwa kufundisha shule ya msingi, na akiajiriwa, watoto wa shule hiyo hucheza vile alivyofunzwa yeye.

Serikali za kaunti haziwaajiri walimu wa sekondari, lakini michezo ni kazi yao kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na bajeti wanayo. Wanaweza kumlipa mwalimu huyo marupurupu ya jioni na kumgharamia kozi ya ukocha likizoni. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti huitishwa kila mwaka. Wazazi wa wachezaji nao waende huko wakaliseme jambo hili, badala ya kuwaachia wanaotaka majukwaa yapakwe rangi.