Laptopu ya mtumba ikipata moto, nani anajua siri ya feni yake?

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Laptopu nyingi za mtumba zinazofika Tabora, Nzega na Urambo hazina sifa za kupokea Windows 11, kwa hiyo mafundi wanashauri wenye nazo waweke Linux, mfumo huria usiolipiwa. Ushauri ni mzuri, lakini kuna jambo la kujua kwanza.

Sisi studio tulilijua kwa hasara. Laptopu yetu yenye Linux ilizima katikati ya kipindi, mchana wa jua kali kabla mvua hazijaanza. Fundi alipoifungua alikuta feni imejaa vumbi na inazunguka kwa kusuasua. Mfumo haukutuonya mapema, kwa sababu haukuwa na njia ya kusoma kasi ya feni ile.

Kwa nini haukuweza?

Ndani ya laptopu kuna chipu ndogo inayosimamia feni, betri na kibodi. Vihisi huipelekea namba: hii ni ya joto, ile ni ya kasi. Namba ipi imewekwa wapi, anajua mtengenezaji, na mara nyingi hachapishi. Yeye hutengeneza programu ya Windows, basi. Linux kwa kawaida husoma joto la prosesa lenyewe, ila mambo ya feni hutegemea kila modeli.

Pengo hilo huzibwa na watu wanaojaribu wenyewe. Mwaka 2001 Massimo Dal Zotto aliandika kiendeshi cha feni na joto kwa laptopu za Dell bila mwongozo rasmi wa kampuni. Kazi hiyo imo ndani ya Linux mpaka leo.

Kubahatisha kuna hatari pia. Zamani programu ya lm_sensors, katika kutafuta vihisi, iliharibu kumbukumbu ya baadhi ya ThinkPad za IBM, zikagoma kuwaka. Ndiyo maana waandishi wa viendeshi hawakubali modeli mpya mpaka mwenye mashine aijaribu. Mwandishi anaweza kuwa Ujerumani, mashine ikawa Sikonge. Bila mtu wa Sikonge, kazi haiendi. Wapagazi wa Kinyamwezi nao waliijua njia ya Ujiji hadi Bagamoyo kwa kuitembea.

Na si kazi ya wageni peke yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Ufanye nini?

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji awashe Linux kutoka kwenye flashi, aweke lm-sensors, kisha aandike amri ya sensors. Ukiona kasi ya feni, vizuri. Usipoiona, laptopu bado inafaa, ila isafishwe vumbi mara kwa mara na isiwekwe juu ya godoro.

Kisha mwambie fundi wako awaandikie watunzaji wa Linux jina kamili la modeli na toleo la BIOS, na akubali kujaribu watakachomtumia. Asiguse namba asizozijua. Mwenye modeli kama yako, awe Kaliua au Kigoma, atakuta njia imeshafunguliwa.