Tukiandika Kiingereza, Tukiandike Sawasawa

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya shughuli za Serikali ya Tanzania, na ndivyo inavyotupasa. Hata hivyo barua nyingi za kwenda nje huandikwa kwa Kiingereza, na humo kitenzi ndicho kinachotuumbua.

Chukua barua ya mwalimu aombaye nafasi ya masomo ng'ambo. Mkuu wake akiandika "he taught here for six years", msomaji wa London ataelewa kwamba mwalimu huyo alikwisha kuondoka. Akiandika "he has taught here for six years", ataelewa kwamba bado yupo kazini. Kwa neno moja dogo, ndugu huyo ameachishwa kazi na mtu aliyekusudia kumsifu!

Kosa hili lina asili yake. Sisi husema "amefika jana" bila ya kukwaza sikio la mtu. Mwingereza hakubali "has arrived yesterday". Akitaja siku iliyokwisha kupita hana budi kuandika "arrived". Vivyo hivyo "did not came": wakati uliopita umekwisha kubebwa na "did", basi kitenzi hurudia umbo lake la awali, "come". Kiswahili nacho husema "hakuja", wala hakiubebeshi wakati huo mara mbili. Mwalimu na aanzie hapo, kwenye lugha aijuayo mwanafunzi.

Wapo wanaodhani kuyajali haya ni kasumba ya kikoloni. Sioni hivyo. Kasumba ni kumcheka karani ilhali mchekaji mwenyewe hawezi kuandika Kiswahili fasaha. Karani asahihishwe kabla barua haijatiwa sahihi, na aelezwe sababu.