Mgeni Afikapo London

Mtu atokaye Kenya afikapo London kwa mara ya kwanza, limshangazalo kwanza si ukubwa wa majumba, kwa kuwa hayo amekwisha kuyaona katika picha tangu utoto wake. Limshangazalo ni basi. Husimama kituoni na fedha mkononi, basi jekundu la ghorofa mbili likaja, akapanda, akamwonyesha dereva sarafu zake, na dereva akatikisa kichwa. Tangu mwaka 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Hulipwa kwa kadi ya benki, au kwa kadi iitwayo Oyster, inunuliwayo katika vituo vya treni za chini ya ardhi na katika maduka mengi madogo. Utingo wa kubembelezwa hayupo. Afadhali basi mgeni aipate kadi yake mapema, kabla hajatoka kwenda kutembea.

Jambo la pili ni jema zaidi kwa mwenye mfuko mwepesi. Nyumba kubwa za makumbusho hazitozi kiingilio. British Museum, iliyofunguliwa mwaka 1759, na National Gallery, yenye picha za mafundi wakubwa wa Ulaya, mtu aweza kushinda humo kutwa nzima bila kutoa hata peni moja. Akiba yake na aiweke kwa mahali pamoja panapotoza, napo ni kanisa la Westminster Abbey, karibu na Bunge. Kiingilio cha mtu mzima ni takriban paundi 30, fedha ambazo mkulima hatazitoa bila kufikiri mara mbili. Aendaye kusali halipi, lakini huyo hana ruhusa ya kuzunguka na kutazama makaburi; na makaburi ndiyo hasa yanayomhusu mgeni wa Afrika ya Mashariki.

Karibu na mlango wa magharibi amelala askari mmoja asiyejulikana jina, aliyeletwa kutoka Ufaransa akazikwa humo tarehe 11 Novemba, 1920. Kaburi lake halikanyagwi na mtu. Wafalme wenyewe hulizunguka. Mgeni akiendelea mbele, katikati ya kanisa, atalikuta jiwe la David Livingstone, nalo lasema kwamba aliletwa hapo na mikono ya watu waaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Jiwe lataja alipozaliwa na kijiji alichofia. Majina ya wenye mikono hiyo halikuyataja.

Majina yao yajulikana. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia, tarehe 1 Mei, 1873, Chuma na Susi na wenzao, miongoni mwao Halima aliyekuwa mpishi wake, walikata shauri kumrudisha kwa watu wake. Walimtoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, naye Jacob Wainwright, aliyekuwa amesomeshwa katika shule ya misheni huko Bara Hindi, akasoma sala ya maziko na kuchonga maandishi katika mti ule. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani kwa majuma mawili, wakauviringisha katika nguo na gome la mti. Kisha wakauchukua mabegani.

Karibu na Tabora walimkuta afisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele ya hapo walipoona kwamba wenyeji hawapendi maiti ipitishwe nchini mwao, walitengeneza mzigo wa uongo, wakatuma watu kurudi nao kana kwamba wamekubali kwenda kumzika Tabora, na maiti yenyewe wakaifunga upya mfano wa robota ya nguo. Hapakuwa na mkubwa yeyote wa kuwaamuru hayo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Maiti ilipofika Uingereza ilitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja miaka mingi kabla. Siku ya maziko, tarehe 18 Aprili, Wainwright alikuwapo kanisani pamoja na wachukuzi wa jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza mambo yote yamekwisha.

Mgeni alisomaye jiwe bila kuijua habari hii aweza kudhani kwamba mikono iliyotajwa ilikuwa ya mabaharia.

Akitoka kanisani, na apite kwa miguu katika bustani ya St James's Park, ambako wamefugwa ndege aina ya mwari tangu balozi wa Urusi alipowaleta zawadi mwaka 1664. Aliyewaona mwari wa Nakuru hatakawia hapo. Ng'ambo ya bustani, baada ya kuivuka barabara pana iitwayo The Mall, iko nyumba ya mawe iitwayo Lancaster House. Humo ndimo ilimofanyika mikutano ya katiba ya Kenya mwaka 1960, 1962 na 1963. Ni nyumba ya serikali, wala watazamaji hawaingii kila siku. Aghalabu mgeni husimama nje na kuhesabu madirisha. Kutazama hapo hakuna malipo.